Mwanamuziki wa Jumapili

Ndugu wanakwaya, walimu wenzangu, wazee wetu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Na ninyi vijana wa besi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nawaona pia. Atakayetoka kabla sijamaliza nitamtaja kwa jina.

Mratibu aliponiomba nizungumze juu ya mtunzi mmoja wa Urusi, nadhani alimtarajia Tchaikovsky. Kila mtu humtarajia Tchaikovsky. Nimemwacha, wala si kwa ubaya. Nina maslahi yangu, na ni vema niyaseme mapema. Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha kemia, kidato cha tatu na cha nne. Jumapili napiga kinanda na kusimamia sauti nne za watu ambao nao wiki nzima walikuwa wauguzi, mafundi cherehani, makarani na akina mama wa sokoni. Mtu wa namna yangu akitafuta wakili katika historia ya muziki, wakili mwenyewe ni Alexander Borodin, mtunzi aliyekuwa pia profesa wa kemia.

Miaka michache iliyopita mkuu wa shule mmoja aliniita ofisini. Matokeo ya mtihani wa majaribio hayakupendeza, na juma lilelile alikuwa ameisikia kwaya yetu redioni. Akanitazama kitambo, akasema, "Mwalimu, njia mbili zilimshinda fisi." Basi. Nikaondoka na fisi wangu. Mnamjua yule mnyama: alisikia harufu ya nyama kwenye njia panda, akataka zote mbili, miguu ya kulia huku na ya kushoto kule, akapasuka msamba. Sikuwa na la kujibu. Baadaye nikaja kugundua kwamba Borodin naye, alipokuwa kijana, aliambiwa neno lilelile na mwalimu wake, mbele ya wanafunzi wenzake. Tofauti ni kwamba wao Warusi hawana fisi. Yeye alipewa sungura wawili: huwezi kuwawinda kwa wakati mmoja.

Mwalimu huyo alikuwa Nikolai Zinin, mkemia mkubwa wa Saint Petersburg, yule aliyetengeneza anilini kutokana na nitrobenzini mwaka 1842, na aliyemfundisha kijana mmoja aitwaye Alfred Nobel. Hakuwa mtu wa kusema ovyo. Alimwambia Borodin apunguze nyimbo, kwa sababu matumaini yake yote ya kupata mrithi yalikuwa kwake. Zinin aliogopa kwamba muziki utaila kemia. Mkemia mwenyewe hakuliwa. Ila alikuwepo sungura wa tatu ambaye Zinin hakumwona, na huyo ndiye aliyekula sana. Nitafika huko.

Nianze na kuzaliwa kwake, maana hadithi yenyewe imepinda tangu siku ya kwanza. Borodin alizaliwa Saint Petersburg tarehe 12 Novemba 1833. Baba yake alikuwa mwanamfalme wa Kijojia, Luka Gedevanishvili, mzee aliyeshavuka miaka 60. Mama yake, Avdotya Antonova, alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na ndoa haikuwepo kati yao. Ili kuficha aibu, mtoto aliandikishwa kuwa ni wa mtumishi wa nyumbani, Porfiry Borodin. Sasa sikilizeni matokeo yake. Porfiry alikuwa mtwana, mmoja wa mamilioni ya Warusi waliofungwa kwa bwana, wakirithiwa na kuuzwa pamoja na shamba. Mtoto wa mtwana ni mtwana. Kwa hiyo, kisheria, Alexander alizaliwa akiwa mali ya baba yake mzazi. Yule mzee alimwandikia uhuru akiwa bado mtoto; watwana wengine wa Urusi walisubiri mpaka mwaka 1861.

Mama yake alimlea kwa mapenzi makubwa, ila mbele za watu alitakiwa amwite shangazi. Au tuseme mama mdogo. Neno la Kirusi halituambii ni upande gani, na katika lugha yetu hilo si jambo dogo. Alimletea walimu nyumbani, akajifunza Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, akajifunza filimbi, piano na selo. Na huku muziki ukiendelea, chumba chake kilijaa chupa, mitungi na harufu za kemikali. Wazazi wenye watoto wa aina hiyo mtamhurumia mama.

Mwaka 1850 aliingia Chuo cha Tiba na Upasuaji. Alihitimu 1856 na kupelekwa hospitali ya jeshi, na huko tukio moja likamwonyesha kwamba hakuumbwa kushika kisu. Waliletwa watwana waliokuwa wamepigwa kwa amri ya bwana wao, wakipitishwa katikati ya safu mbili za wapigaji. Kazi ya daktari kijana ilikuwa kuchomoa vijiti vilivyozama katika nyama ya migongo yao. Borodin alizimia. Watu husimulia hilo kuonyesha kwamba alikuwa na moyo mwepesi. Mimi nikilisoma nakumbuka cheti chake cha kuzaliwa.

Katika hospitali hiyohiyo, zamu moja, alikutana na afisa wa jeshi wa miaka 17, kijana mtanashati, kucha safi, viatu vinang'aa, akipapasa piano na kuwafurahisha mabibi kwa vipande vya opera za Kiitalia. Jina lake Modest Mussorgsky. Hakuna aliyejua. Daktari asiyeweza kuona damu na afisa mpenda manukato, na wote wawili watakuja kuugeuza muziki wa nchi yao.

Akaacha kisu akashika chupa. Shahada yake ya udaktari, 1858, ilihusu asidi ya arseniki na asidi ya fosforasi, jinsi zinavyofanana katika kemia na katika sumu. Mwaka uliofuata serikali ikampeleka Ujerumani, Heidelberg, ambako rafiki yake wa karibu alikuwa Dmitri Mendeleev. Ndiyo, huyohuyo wa jedwali la elementi lililobandikwa ukutani katika maabara zetu, lile lenye kona iliyochanika. Septemba 1860 walikuwa wote kwenye mkutano wa wakemia wa Karlsruhe, ambapo Ulaya nzima ilibishana juu ya uzito wa atomu.

Heidelberg ndiko alikompata Ekaterina Protopopova, mpiga piano kutoka Moscow aliyekwenda kutibiwa kifua. Yeye ndiye aliyempigia Chopin na Schumann kwa mara ya kwanza akavisikia kweli. Baridi ilipozidi, daktari akaamuru ahamie penye joto, wakaenda Pisa, Italia, na Borodin akaomba nafasi katika maabara ya chuo cha huko. Mchumba anakohoa, mkono mmoja umeshika florini. Wanafunzi wangu wanajua florini ni nini: gesi inayokula karibu kila kitu, na misombo yake inaunguza mpaka mfupa. Katika maabara hiyo alitengeneza benzoili floridi, msombo uliofungua njia ya kuitia florini katika kemia ya kaboni. Leo tawi hilo limezaa dawa nyingi kabatini mwenu. Kabla ya hapo, 1861, alikuwa ameonyesha kwamba chumvi ya fedha ya asidi ya kikaboni, ikikutana na bromini, hutoa kaboni dioksidi na kuacha msombo mfupi wenye bromini. Miaka 80 baadaye Wajerumani wawili, mke na mume, waliiendeleza njia hiyo na ikabeba jina lao. Warusi bado wanasema ni ya Borodin.

Walirudi, wakaoana 1863, na mwaka 1864 akawa profesa. Zinin akapata mrithi wake.

Naomba dakika moja ya kemia zaidi, kisha nitawaacha. Mwaka 1872 Borodin alitoa taarifa kwamba molekuli mbili za aldehidi zinaweza kushikana na kuwa kitu kipya chenye tabia ya aldehidi upande mmoja na ya alkoholi upande mwingine. Mwaka huohuo Charles-Adolphe Wurtz wa Paris alitangaza jambo hilohilo, akaliita aldoli, jina linalobeba nusu ya kila upande. Wamegawana sifa. Chai mliyokunywa pale nje, sukari yake sasa hivi imo ndani ya seli zenu, na hatua mojawapo ya kuivunja ni mmenyuko huohuo ukienda kinyumenyume. Kwa hiyo mtu akikuuliza Borodin ni nani, unaweza kujibu ukiwa hujaimba hata nota moja.

Sasa muziki. Mwishoni mwa 1862 alikutana na Mily Balakirev, mtu mkali, mwenye amri, aliyekuwa amewakusanya vijana wachache wasiosomea muziki popote na kuwaambia: tungeni simfoni. Mwaka 1867 mhakiki Vladimir Stasov aliwaita kundi dogo lenye nguvu, na wapinzani wakalichukua jina hilo kuwa kejeli. Walikuwa watano. César Cui alikuwa mhandisi wa jeshi, mtaalamu wa ngome, akaishia kuwa jenerali. Mussorgsky aliacha jeshi akawa karani wa serikali. Nikolai Rimsky-Korsakov alikuwa afisa wa jeshi la majini. Balakirev mwenyewe, mambo yalipomwendea kombo, alikwenda kufanya kazi katika ofisi ya reli. Na Borodin profesa wa kemia. Hii si kwaya yetu? Watu watano, kila mmoja na kitambulisho cha kazi mfukoni, wakikutana jioni kuzunguka piano moja na kugombana juu ya nota. Wenye vyeti vya muziki mjini waliwadharau kwa kukosa shule. Wao wakajibu kwa dharau ya aina yao: shule ya Kijerumani haitufundishi kuimba kama Warusi. Walikuwa wakitafuta sauti ya nyumbani, katika nyimbo za vijijini, kengele za makanisa, na ngoma za watu wa mashariki.

Simfoni yake ya kwanza ilimchukua miaka mitano, ikapigwa 1869. Ya pili ilipigwa mara ya kwanza 1877 na haikwenda vizuri, na sababu yake wapiga tarumbeta wetu wataifurahia: vyombo vya shaba alivipa mzigo mzito mno. Yeye na Rimsky-Korsakov walikuwa wamejifunza tarumbeta na ndugu zake kwa shauku kubwa wakati ule, na kijana akijifunza chombo kipya hukiweka kila mahali. Akapunguza, na mwaka 1879 Rimsky-Korsakov akaiongoza, ikasimama. Mkipata nafasi sikilizeni mwanzo wake tu. Nyuzi zote kwa pamoja, sauti moja, hakuna ulinganifu wala mapambo, kama mtu mzito anayeingia chumbani bila kubisha hodi.

Lakini jinsi alivyotunga ndilo jambo ninalotaka tulitazame kwa muda, na hapa shahidi wetu mkuu ni Rimsky-Korsakov, aliyeandika kumbukumbu za maisha yake bila kumwonea haya rafiki. Nyumba ya Borodin ilikuwa ndani ya chuo, mlango kwa mlango na maabara. Rafiki akifika anamkuta amesimama na chombo cha kioo, gesi inapita bombani kutoka chupa hii kwenda ile. Wanakwenda nyumbani, wanakaa kwenye piano, muziki umenoga, ghafla profesa anaruka na kukimbia kuangalia kama kitu kimechemka kikamwagika au kimeungua, na njia nzima anaimba mapatano ya ajabu ambayo mwalimu wa kwaya mwenye akili timamu hayaruhusu. Anarudi, wanaendelea.

Na hiyo ndiyo siku nzuri. Siku nyingine hata piano haigusiki kwa sababu chumba cha pili kuna mtu amelala. Nani? Ndugu wa mke, ndugu wa ndugu, mwanafunzi asiye na pa kulala, jamaa aliyekuja mjini kutibiwa akakaa miezi. Walilala vitandani, kwenye makochi, sakafuni. Wengine waliugua mlemle, na wengine walichanganyikiwa akili mlemle, na Borodin akawatibu, akawapeleka hospitali, akawatembelea. Ekaterina, kwa pumu yake, hakupata usingizi usiku, akaamka saa za mchana, na chakula cha mchana kikafuata ratiba ya pumu. Kisha kulikuwa na paka. Paka walipita juu ya meza ya chakula, wakaingiza pua kwenye sahani za wageni, wakaruka mabegani mwa watu. Mmoja aliitwa Mvuvi, kwa kuwa alijua kunasa samaki wadogo kwa mguu kupitia matundu ya barafu mtoni na kuwaleta nyumbani.

Nani angetunga opera katika nyumba hiyo? Borodin mwenyewe aliandika kwamba wakati wa majira ya baridi hutunga tu akiwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kufundisha, na kwa hiyo marafiki zake wanamuziki hawamtakii afya njema, wanamtakia augue. Fikiria kumwamkia mwenzako kwa dua hiyo.

Opera yenyewe ni "Mwanamfalme Igor". Stasov alimpa wazo mwaka 1869, kutoka utenzi wa kale wa Kirusi juu ya vita vya mwaka 1185, Igor alipokwenda kupigana na Wapolovtsi, watu wa nyikani, akashindwa na kutekwa. Borodin aliishika miaka 18. Anaandika wimbo mmoja, anaacha mwaka mzima, anarudi. Tangazo la onyesho linabandikwa kwamba kipande fulani kitaimbwa, na kipande hakijapangwa kwa okestra. Rimsky-Korsakov anaomba, anasihi, anakasirika, mwishowe anasema leta nikusaidie. Jioni moja walikaa watatu, Borodin, Rimsky-Korsakov na kijana Anatoly Lyadov, wakigawana kurasa za ngoma za Wapolovtsi ili ziwahi onyesho. Waliandika kwa penseli, na penseli hufutika, basi mkemia akaleta dawa yake: kila ukurasa ulipakwa jelatini iliyoyeyushwa. Kurasa mbichi zikaanikwa kwenye kamba chumbani, kama nguo siku ya kufua.

Katika ngoma hizo ndimo ulimo wimbo wake maarufu kuliko yote. Igor ni mateka katika kambi ya Khan Konchak, mkuu wa Wapolovtsi. Khan, kwa ukarimu wake wa mshindi, anataka mateka wake achangamke, anaamuru watumwa wacheze na kuimba. Wanaanza wanawake. Nao pia ni mateka, waliotekwa kwao, na wimbo wao unaruka juu ya mabawa ya upepo kurudi nyumbani, penye jua na bahari, ambako walikuwa huru. Kwa hiyo mateka anaimbiwa na mateka ili afurahi. Sauti ya kwanza inateleza taratibu, haina haraka, haina hasira. Sijui mtunzi mwingine aliyempa mtumwa wimbo mzuri kuliko ule aliompa bwana wake. Konchak ana kelele na ngoma na fahari yote. Wanawake wale wana wimbo.

Nisiwe wakili tu. Kipo kipande chake kingine, "Katika Nyika za Asia ya Kati", cha mwaka 1880, kilichotungwa kwa sherehe za miaka 25 ya utawala wa Tsar Alexander wa Pili. Fidla zinashika nota moja ya juu sana, ndefu, na wewe msikilizaji unaona upeo usio na mti. Unasikika wimbo wa Kirusi, kisha wimbo wa mashariki, ngamia wanakaribia, nyimbo mbili zinaungana na kwenda pamoja kana kwamba zilizaliwa siku moja, halafu msafara unapotea. Kimetungwa kwa ufundi mkubwa. Lakini maelezo yake yanasema msafara wa wenyeji unapita salama, bila woga, chini ya ulinzi wa askari wa Urusi, na tunajua askari wale walifikaje kule. Sisi tuliozaliwa katika nchi zilizowahi kulindwa namna hiyo tunalielewa neno "ulinzi". Napenda kipande hicho na nakipiga. Ila sijifanyi sikuyasoma maelezo.

Sasa sungura wa tatu. Mwaka 1872 zilianzishwa Saint Petersburg kozi za udaktari kwa wanawake, katika nchi ambayo chuo kikuu hakikuwapokea. Wasichana wa Kirusi waliotaka udaktari walikuwa wakienda Zürich. Borodin alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na kwa zaidi ya miaka kumi akawafundisha kemia. Kufundisha hakukutosha. Alikaa kwenye kamati za kutafuta pesa, akaandika barua za maombi, akapiga hodi kwa wakubwa, akaandaa maonyesho ya muziki ili ada za wanafunzi maskini zipatikane. Milango ya nyumba yake, ile yenye paka na wagonjwa, ilikuwa wazi kwao pia. Katika barua zake huhesabu mikutano kama mtu anayehesabu mbu usiku.

Marafiki zake wa muziki walimlaumu sana kwa hilo. Rimsky-Korsakov anasema waziwazi kwamba alishindwa kuelewa kwa nini mtu mwenye kipaji kile anakimbia kutoka kamati hadi kamati wakati wengine wangeweza kufanya kazi hiyo. Mimi namheshimu Rimsky-Korsakov, na kama nilivyosema ndiye shahidi wetu, lakini hapa simfuati. Wengine wangeweza? Wengine hawakuwa wakifanya. Serikali ilizipiga vita kozi hizo mpaka zikafungwa katikati ya miaka ya 1880, na watu walioandika habari zake wanasema pigo hilo lilimuumiza kuliko opera isiyokwisha. Ukiniuliza opera ilikwenda wapi, ilikwenda huko, ikawa madaktari wanawake. Nadhani alijua bei yake na akalipa.

Mwaka 1877 alikwenda Ujerumani kuwapeleka wanafunzi wake wa kemia, akapitia Weimar kumwona Franz Liszt, mzee aliyekuwa kama askofu mkuu wa muziki wa Ulaya. Liszt aliijua simfoni yake ya kwanza, akampigia kinanda, akamsifu, akamwambia asiwasikilize wanaomwona ameharibu. Borodin, kwa aibu, akajieleza kwamba yeye ni mwanamuziki wa Jumapili tu. Liszt akamjibu kwamba Jumapili ni sikukuu siku zote.

Mnacheka. Nilipolisoma jibu hilo nililipeleka moja kwa moja mazoezini, nikaliandika ubaoni, na mama mmoja wa alto akaniuliza kama kuna posho.

Alikufa tarehe 27 Februari 1887, akiwa na miaka 53. Ilikuwa karamu chuoni, watu wamevaa mavazi ya kila aina, na yeye amevaa nguo za mkulima wa Kirusi, shati jekundu na buti ndefu. Alikuwa akizungumza na wageni akaanguka. Moyo. Ekaterina alikuwa Moscow kwa ajili ya afya yake, yule ambaye kila mtu alidhani atatangulia. Alimfuata mwaka huohuo. Madaktari wanawake waliotoka katika kozi zile walileta shada la fedha lenye maandishi yanayomtaja kuwa mwanzilishi, mlinzi na mtetezi wa kozi zao. Muziki haukutajwa.

Rimsky-Korsakov na kijana Alexander Glazunov walikwenda nyumbani kwake wakakusanya kila karatasi. Matukio mengine yalikuwa kamili, mengine yamechorwa nusu, mengine hayapo kabisa. Ufunguzi wa opera Borodin alikuwa akiupiga kwenye piano mbele ya marafiki, lakini hakuwahi kuuandika. Glazunov, mwenye kumbukumbu ya ajabu, akauandika. Baadaye alieleza kwamba aliujenga kwa kufuata mpango wa Borodin na nyimbo za ndani ya opera. Gharama za uchapaji alizibeba Mitrofan Belyaev, tajiri wa mbao. "Mwanamfalme Igor" ikaonyeshwa katika jumba la Mariinsky mwaka 1890. Mikono mitatu imo humo, na wataalamu hadi leo wanagombana ni nota zipi za nani.

Baada ya hapo muziki wake ulitembea wenyewe. Mwaka 1909 Sergei Diaghilev, mwandaaji wa maonyesho, alizipeleka ngoma za Wapolovtsi Paris, Mikhail Fokine akazipangia uchezaji, na Wafaransa wakatoka ukumbini wamepagawa. Maurice Ravel alitunga waltzi fupi ya piano akimuiga Borodin kwa upendo, 1913. Kisha Marekani. Mwaka 1953 ilifunguliwa New York tamthilia ya nyimbo iitwayo "Kismet", na muziki wake karibu wote ulichukuliwa kutoka kwa profesa wetu. Ule wimbo wa mateka ukapewa maneno ya mapenzi, ukavuma redioni dunia nzima, na mwaka 1954 Borodin akapewa Tony, tuzo ya Wamarekani ya maigizo ya jukwaani, miaka 67 baada ya kuzikwa. Watu wengi waliucheza kifua kwa kifua wasijue ni kilio cha wanawake waliotekwa. Siwalaumu. Sauti yenyewe haikuwaambia.

Nina kipande kimoja nimekileta, na fundi mitambo yuko tayari. Ni mwendo wa tatu wa kwarteti yake ya pili: fidla mbili, viola na selo. Alikitunga majira ya joto ya mwaka 1881, akiwa mapumzikoni, hakuna kamati, hakuna maabara. Ilikuwa miaka 20 kamili tangu alipokutana na Ekaterina kule Heidelberg, na kwarteti nzima aliiandika kwa jina lake. Selo ndiyo inayoanza kuimba. Selo ndicho chombo alichokipiga yeye. Kisha fidla ya kwanza inauchukua wimbo uleule, juu zaidi. Baadaye kidogo sikilizeni vizuri: vyombo viwili vinaimba wimbo mmoja, kimoja kikimfuata mwenzake hatua chache nyuma, kama watu wawili ambao mmoja wao hapumui vizuri na mwingine anamsubiri kwenye ngazi.

Zimeni simu. Vijana wa besi, fungeni huo mlango. Fundi, tuwekee.